Siku Nalepo Alipowasha Kamera

Nalepo binti Saning'o aliporudi nyumbani kutoka Nairobi, mwezi wa tatu wa mwaka ule wa korona, alipokelewa kama mgeni wa heshima. Alikuwa mwaka wa pili chuoni akisomea udaktari wa mifugo. Katika vitongoji vyote vilivyo juu ya Ngaramtoni, hadi pale msitu wa Olmotonyi unapoanza, hakukuwa na mtoto mwingine, wa kike wala wa kiume, aliyewahi kusomea udaktari. Baba yake alimchinjia mbuzi. Mama yake, Nkasiogi, aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni kama redio ilivyoagiza, kisha akayasahau maagizo yote ya redio na kumkumbatia bintiye mpaka mkoba ukamdondoka begani.

Kila mtu alidhani ni likizo ya wiki mbili tatu. Lakini mwezi wa nne ukaja ujumbe kutoka chuoni: masomo yanaendelea, ila kwa mtandao. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Nyumba ya Saning'o iko kwenye mteremko unaotazama magharibi, Mlima Meru ukiwa mgongoni mwake. Ndani ya nyumba simu haikamati kitu. Uani haikamati. Nalepo alizunguka boma zima akiwa ameinua simu juu, hadi alipopata sehemu moja tu ambayo mtandao ulitulia: nyuma ya zizi la ng'ombe, kwenye kona ya ukuta wa mabanzi. Akapeleka kigoda pale, akakunja khanga akakalia, na pale pakawa chuo chake.

Siku ya kwanza mhadhiri wao wa fiziolojia aliomba kila mwanafunzi awashe kamera ili wafahamiane upya. Vyumba vikaanza kujitokeza kwenye kioo cha simu: pazia zuri, kabati la vitabu, sofa la ngozi, mtu mwingine na kiyoyozi ukutani. Nalepo aliwasha ya kwake akajiona: nyuma ya kichwa chake mabanzi yenye madoa ya samadi, na juu ya ukuta pua iliyolowa ya Narok, ng'ombe mweusi wa mama yake. Aliizima kabla sekunde mbili hazijapita, akaandika kwamba mtandao wa kwao ni dhaifu. Lilikuwa jambo la kweli nusu, na ndiyo maana lilimtoka kirahisi. Tangu siku hiyo darasa zima lilimjua kama kisanduku cheusi chenye herufi N.

Wiki zikapita. Mihadhara ilikuja kwa mkupuo, kazi za kuandika zikafuatana kama mvua ya masika, na kila moja ilikuwa na saa yake ya mwisho. Nalepo alikuwa akichaji simu kwa sola ya duka la barabarani, akingoja foleni pamoja na vijana waliokuja kuchaji za kwao ili wasikilize mpira. Ilifika wakati kila simu ilipolia mlio wa ujumbe, moyo wake ulipiga mpaka akausikia masikioni. Alisoma mstari mmoja mara tano na hakujua umesema nini. Chakula kikawa hakipiti. Alipochana nywele, zilibaki nyingi kwenye kitana kuliko alivyozoea, akazikusanya na kuzitia motoni mama asizione.

Mwezi wa sita mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu vyuo vya Tanzania vilifunguliwa. Wanafunzi wa jirani walifunga mabegi wakaenda zao. Gadiel, mtoto wa mwinjilisti, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alipita kuaga akiwa na shati jipya. Chuo cha Nalepo kilikuwa ng'ambo ya mpaka, na huko milango ilikuwa bado imefungwa. Majirani wakaanza kuuliza kwa upole ule unaouma. Kwani wewe huendi? Wenzako si wameenda? Wengine hawakuuliza, walisema tu kwamba binti wa Saning'o amefukuzwa, na wazazi wake wanamficha nyuma ya zizi.

Saning'o alikuwa na jibu moja kwa wote: "Anasoma kwa simu." Watu waliitikia kwa heshima, wakageuka wakacheka. Naye mzee hakujali. Alikuwa mtu wa kujivunia chake waziwazi, na kila alipokutana na mtu mwenye ng'ombe anayekohoa au ndama anayehara, alimwambia amlete, daktari yupo. Basi ng'ombe wakawa wanaletwa. Nalepo alitoka nyuma ya zizi, akainamisha kichwa kuwasalimu wazee, kisha akawaeleza kwamba yeye yuko mwaka wa pili tu, hajaruhusiwa kutibu, wamwone bwana mifugo wa kata. Wazee waliondoka kimya. Kila mmoja alipoondoka, Nalepo alijihisi amepungua kidogo.

Mwezi wa saba kulikuwa na jaribio la fiziolojia, maswali thelathini kwa dakika arobaini na tano. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alipofika swali la kumi na moja, kioo kiliganda. Alisimama juu ya kigoda, akapanda mabanzi, akainua simu kuelekea Monduli, akaishusha, akaizima, akaiwasha. Mtandao uliporudi jaribio lilikuwa limefungwa. Siku tatu baadaye matokeo yalibandikwa kwenye kundi la darasa, kila mtu kwa namba yake ya usajili. Mbele ya namba yake kulikuwa na sifuri.

Hakumwambia mtu. Angeweza kumwandikia mhadhiri, wengine walifanya hivyo. Lakini kuandika kungekuwa kueleza yuko wapi, na kwa nini, na zizi hilo ni la nani. Nalepo alikuwa na fahari kama ya baba yake, ila ya kwake ilikuwa imegeukia ndani.

Ni Nkasiogi aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mtoto anaisha. Alimtazama wiki nzima akisukuma loshoro, makande ya maziwa mgando, kwenye bakuli bila kula, akilala mchana na kushtuka akiitwa, na mwishowe, walipokuwa wawili tu jikoni, alimuuliza kwa sauti ya chini kama ana mimba. Nalepo alisema hapana. Mama hakumkatalia wala hakumwamini. Asubuhi iliyofuata alivaa barakoa aliyoshona mwenyewe, akampa bintiye nyingine, wakashuka kwa miguu hadi zahanati.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Theresia, mama wa makamo aliyewazalisha nusu ya wanawake wa kata ile. Alimpima Nalepo damu na mkojo, akampima presha mara mbili, akamuuliza maswali mengi taratibu, mengine mama akiwa ametolewa nje. Kisha akamwita Nkasiogi ndani.

"Mama, huyu hana mimba wala hana malaria," alisema. "Ana msongo wa mawazo. Kuna jambo zito analibeba peke yake. Mwili wake umechoka kulibeba."

Walipanda njia ya kurudi. Karibu na mfereji wa maji, mama alisimama, akakaa kwenye jiwe, akampapasia Nalepo nafasi ya kukaa kando yake.

"Nilikushuku vibaya," alisema kwa Kimaa. "Sasa niambie hilo jambo, hata kama sitalielewa."

Nalepo alimwambia. Alimweleza kuhusu kioo kilichoganda, kuhusu sifuri, kuhusu vyumba vya wenzake vyenye sofa, na kuhusu wale wazee na ng'ombe wao. Alilia bila kujificha. Nkasiogi hakuwa amekanyaga shule hata siku moja, lakini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Huyo mwalimu anajua kwamba simu ilikatika?"

"Hajui, yeyo," Nalepo alimjibu mamaye.

"Basi yeye hajakukatalia. Wewe ndiye hujamwambia."

Nalepo hakwenda nyumbani akaandika barua siku hiyo. Mambo hayaendi haraka hivyo. Lakini jioni ile alimaliza bakuli lake la loshoro.

Siku chache baadaye simu yake iliita akiwa kwenye kigoda. Alikuwa Diana, msichana aliyekuwa akiongoza darasa lao tangu mwaka wa kwanza, aliyepanga chumba kimoja kwenye ghorofa ya tano huko Nairobi. Nalepo alifikiri anapigiwa kuhusu kazi ya kikundi. Kumbe Diana alikuwa akiaga. Alisema hajatoka nje ya chumba kwa siku tisa. Alisema ameandika barua ya kuacha chuo, imebaki kuituma tu. Sauti yake ilikuwa kavu, haina kupanda wala kushuka, na hilo ndilo lililomtisha Nalepo. Huyu ndiye aliyekuwa na pazia zuri.

Nalepo alitafuta neno la kumfariji akakosa, maana yeye mwenyewe alikuwa bado anayumba. Mara Narok akalia kwa nguvu nyuma ya mabanzi.

"Hiyo ni nini?" Diana aliuliza.

Nalepo angeweza kusema ni redio. "Ni ng'ombe wa mama yangu."

"Yuko hapo hapo ulipo?"

"Hapa ndipo ninaposomea. Nyuma ya zizi."

Diana akasema kwamba wamesoma mwaka mzima habari za ng'ombe na yeye, mtoto wa mjini, hajawahi kumgusa hata mmoja. Akaomba amwone.

Nalepo aliwasha kamera. Aliingia zizini akamwonyesha Diana pua ile, macho, masikio yanayofukuza nzi, na taya likicheua na kutulia na kucheua tena. Kisha akaanza kufanya kile kilichoandikwa kwenye kitabu chao. Alisimama ubavu wa kushoto wa Narok, akaegemeza ngumi kwenye lile bonde lililo nyuma ya mbavu, juu ya tumbo kubwa, na kila tumbo lilipojiviringisha na kuinua ngumi yake alimtajia Diana, naye Diana akawa anaandika. Walitimiza dakika mbili. Ilikuwa mara tatu, sawasawa na kitabu.

"Ni kweli, basi," Diana alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai ndani yake. "Nilishaanza kuona haya yote ni maneno tu."

Nalepo alimwomba afanye mambo mawili: asitume ile barua mpaka kesho, na leo hii ashuke ngazi amwambie mama mwenye nyumba kwamba hayuko sawa. Diana alifanya yote mawili. Kesho yake, saa ya kukamua, alipiga tena, akauliza kama anaweza kumleta mwenzao mmoja naye aone.

Hivyo ndivyo lilivyoanza darasa la zizini. Mwanzo walikuwa watatu, wakawa saba, kufikia mwisho wa mwezi wa nane walikuwa kumi na tisa. Kila siku saa kumi na moja jioni, Nkasiogi akikamua, Nalepo aliwaonyesha jambo moja: jinsi ya kuhesabu mapigo kwenye mshipa ulio chini ya mkia, jinsi ya kutazama pumzi ubavuni, rangi ya ufizi, joto la masikio. Saning'o hakupendezwa hata kidogo mwanzoni. Kwake yeye mifugo si kitu cha kuhesabiwa na wageni, tena wageni wasioonekana. Baada ya kubishana na mkewe kwa siku mbili alikubali, kwa sharti kwamba watu hao wa Nairobi wamtazame Narok peke yake na wasiulize wengine wako wangapi. Wiki ya pili yeye ndiye aliyekuwa akimshika Narok pembe, na Nalepo akikosea jambo fulani kuhusu tabia ya ng'ombe, alimsahihisha kwa Kimaa, Nalepo akatafsiri, na wenzake wakaandika.

Kukamua kulipokwisha, watu hawakuwa na haraka ya kukata simu. Walizungumza. Lucky, kijana mcheshi kuliko wote darasani, alisema anasomea kwenye ghala la mahindi la baba yake, na hajalala usingizi kamili tangu Pasaka. Msichana mwingine alisema akisikia tu mlio wa ujumbe tumbo linamkata. Mwingine aliwauguza wazazi wote wawili na hakumwambia mtu. Nalepo alisikiliza akishangaa. Miezi mitano alikuwa ameamini kwamba katika visanduku vile vyote ni yeye tu aliyekuwa anazama.

Mwezi wa tisa uongozi wa kitivo uliita kikao cha mtandaoni kuhusu mitihani ya mwisho wa muhula. Mkuu wa kitivo alisoma utaratibu: kila mtahiniwa awashe kamera muda wote, na atakayekatika mara mbili atahesabiwa amefeli. Akauliza kama kuna mwenye swali. Visanduku zaidi ya sitini, vyote vyeusi. Hakuna aliyejitokeza. Mkuu akaanza kuaga.

Nalepo alikuwa kwenye kigoda chake. Alikumbuka kwamba wazo la kufanya anachotaka kufanya lingemuua miezi mitatu iliyopita. Akawasha kamera, akaomba kusema. Alianza kwa Kiingereza cha darasani, lakini sentensi ya pili ikamjia kwa Kiswahili, akaiacha ije.

"Naitwa Nalepo Saning'o. Hapa ni nyumbani kwetu, chini ya Mlima Meru. Huu nyuma yangu ni ukuta wa zizi la baba yangu, na ndipo ninaposomea tangu mwezi wa nne, kwa sababu ndipo mahali pekee simu inapokamata. Mwezi wa saba nilipewa sifuri. Maswali nilikuwa nayajua. Mtandao ulikatika nikiwa swali la kumi na moja, na sikuwaambia kwa sababu niliona aibu mjue nilipo. Sioni aibu tena. Tuko wengi hapa tusiolala wala kula vizuri, na si kwa uvivu. Sikuja kuomba huruma, walimu wangu. Naomba tupimwe kwa tunachokijua."

Nyuma yake Nkasiogi alipita na kibuyu, hakujua kama anaonekana.

Kisha kisanduku kimoja kikawa chumba: Diana, amekaa kitandani, nywele hazijasukwa. Akafuata Lucky kati ya magunia. Akafuata msichana aliyekuwa jikoni kwa shangazi yake, mtoto mgongoni. Mmoja baada ya mwingine waliwasha, na sofa la ngozi nalo likaonekana, na kijana aliyekaa juu yake alisema hata yeye anaomba hicho hicho alichoomba Nalepo. Mkuu wa kitivo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mhadhiri wa fiziolojia aliyekuwa hajasema neno kikao kizima aliuliza yule ng'ombe anaitwa nani.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Mihadhara itarekodiwa ili mtu aisikilize mtandao ukiruhusu. Aliyekatikiwa katika jaribio au mtihani hatafelishwa, atarudia kwa mdomo, kwa simu ya kawaida isiyohitaji bando. Na kulikuwa na namba ya mshauri wa wanafunzi, kwa yeyote anayezidiwa. Haikuwa dawa ya kila kitu. Wenzao wawili walikuwa wameshaacha chuo tangu mwezi wa sita, na mpaka leo hawajarudi. Lakini kundi la darasa siku ile lilijaa furaha ambayo Nalepo alikuwa hajaiona tangu Nairobi.

Yeye alirudia jaribio lake siku ya Jumanne asubuhi. Baba yake alishika pembe za Narok bila kuombwa, akiwa amevaa koti la kanisani. Mhadhiri aliuliza kwa dakika arobaini. Aliuliza nini kitatokea tumbo kubwa likisimama kufanya kazi, na Nalepo alijibu akiwa ameweka mkono wake juu ya tumbo lenyewe. Lilipofika swali asilolijua, alisema hajui, akangoja linalofuata. Mwishoni mhadhiri alimwambia amepata sabini na nne, na kwamba hajapata kumsikia mwanafunzi wa mwaka wa pili akizungumza juu ya mnyama kana kwamba amesimama kando yake.

"Nimesimama kando yake," Nalepo alisema.

Alipokata simu, Saning'o alikuwa bado ameshika pembe.

"Sikuelewa neno hata moja," alisema. "Lakini nilikusikiliza sauti. Haikubabaika." Kisha akakohoa, akatazama kwato za Narok. "Mama yako aliniambia ya zahanati. Wale wazee na ng'ombe wao, sitawaleta tena mpaka useme mwenyewe."

Jumapili ile, baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje ya kanisa kwa mafungu, mtu mmoja alimuuliza Saning'o kwa utani kama binti bado anasoma kwa simu. Nalepo alikuwa hatua chache nyuma, na mama yake. Zamani angeinamisha uso.

"Anasoma zizini kwangu," Saning'o alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanakwaya. "Na wenzake kumi na wanane huko Kenya wanakuja kusoma kwangu pia, kila jioni. Muulize mkeo kama kuna mtu amewahi kusafiri kutoka Nairobi kuja kusoma kwako."

Watu walicheka, safari hii wakimtazama Nalepo, naye akawatazama. Yule mtu alinyoosha mkono, akakumbuka korona, akaurudisha na kumpa pole na hongera kwa pamoja. Nalepo alimshukuru. Kisha akamwomba baba waondoke, kwa sababu alikuwa na somo la kuandaa la kufundisha jioni.